Nani anamwangalia mukubwa? Somo la kampuni ya mbegu kwa kooperative za Fizi na Baraka

Mwezi wa tisa ukikaribia, wageni wa mbegu wanaanza kupita. Mmoja anakuja na mahindi, mwingine na soya, mwingine na dawa ya kuua majani. Wanaonyesha picha nzuri, wanaacha kofia na kalenda, kisha wanaomba komite itie sahihi. Katika mikutano ya kandokando ya ziwa, toka Mboko mpaka Baraka, na kule juu Fizi-centre, memba wanauliza mambo mawili: itazaa kiasi gani, na bei ni gani? Ni maulizo mazuri. Lakini kuna ulizo la tatu ambalo watu wachache wanaliuliza: nani ameketi juu ya hii kampuni, na yeye anajibu mbele ya nani?

Ulizo hilo likishatoka, linaturudilia sisi wenyewe. Nani ameketi juu ya kooperative yetu, na yeye anajibu mbele ya nani?

Tuangalie kwanza kampuni moja kubwa ya bioteknolojia, ni kusema kampuni inayotumia viumbe vyenye uhai, kama mimea na vijidudu, ili kutengeneza mbegu na dawa. Yaliyowapata wakubwa wake yanaweza kusaidia komite yenye memba 30 tu.

Nyumba yenye mabaraza mawili

Bayer ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1863. Inatengeneza dawa za watu, dawa za shamba na mbegu. Kufuatana na sheria ya Ujerumani, kampuni kama ile iko na mabaraza mawili. La kwanza ni la wakurugenzi: ndio wanaofanya kazi ya kila siku, wanauza, wananunua, wanaajiri. La pili ni baraza la uangalizi. Hilo haliuzi wala halinunui. Kazi yake ni kuweka wakurugenzi, kuwauliza maulizo, na ikilazimika, kuwatoa. Mtu hawezi kuketi katika mabaraza yote mawili kwa wakati mmoja. Baraza la uangalizi la Bayer liko na viti 20: 10 ni vya wenye hisa na 10 ni vya wafanyakazi.

Mwezi wa 9 mwaka 2016, mkurugenzi mkuu Werner Baumann alipatana na Monsanto, kampuni ya Marekani, ili Bayer iinunue. Monsanto ndiyo iliyojulikana dunia nzima kwa mbegu zilizobadilishwa jeni na kwa Roundup, dawa ya kuua majani yenye glifosate. Baraza la uangalizi, lililoongozwa na Werner Wenning, lilikubali. Wenye hisa hawakuitwa kupiga kura juu ya ununuzi ule; sheria haikulazimisha. Bei ilikuwa karibu dola miliari 63, na mambo yalimalizika mwezi wa 6 mwaka 2018.

Haikupita hata miezi mitatu. Mwezi wa 8 mwaka 2018, korti ya San Francisco iliamuru Monsanto ilipe dola milioni 289 kwa mtu mmoja aliyekuwa anapuliza dawa ile kwenye viwanja vya masomo na akashikwa na kansa. Baadaye majaji walipunguza kiasi hicho, lakini maelfu ya watu wengine walifungua mashitaka yao. Bayer inasema mpaka leo kwamba glifosate haileti kansa. Hata vile, tangu mwaka 2015 idara ya kansa ya Shirika la Afya la Dunia ilikuwa imeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuleta kansa. Habari hiyo ilikuwa mezani mwaka mzima mbele ya mapatano kutiwa sahihi.

Tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka 2019, wenye hisa walikutana Bonn katika mkutano mkuu. Karibu 55 kwa mia ya kura zilikataa kuhakikisha kazi ya wakurugenzi. Lakini kwa sheria yao, kura ile haimtoi mtu kwenye kiti. Usiku uleule baraza la uangalizi lilikutana na kusema kwamba linawaunga mkono wakurugenzi. Mwaka 2020 Bayer ilitangaza kwamba itatoa zaidi ya dola miliari 10 ili kumaliza mashitaka. Mwaka uleule Wenning aliacha kiti chake. Baumann alibaki mpaka mwaka 2023, Bill Anderson akachukua nafasi yake.

Tuangalie vizuri kosa liko wapi. Kampuni ile haikukosa baraza. Ilikuwa nalo, na watu waliosoma sana walikaa ndani yake. Wenye mali ndio walioulizwa wakati mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa. Hapo hata kama ungekataa, nyama iko kwenye sufuria na deni liko shingoni.

Nyumba ingine, Nairobi

Karibu na sisi kuna shirika la namna ingine. AATF ilianza mwaka 2003 na makao yake iko Nairobi. Haigawi faida. Inaomba ufundi wa mbegu kwa kampuni na kwa vyuo vya utafiti, ili wakulima wadogo wa Afrika wautumie bila kulipa haki ya mwenye ufundi. Mwaka 2008 ilianzisha pamoja na Monsanto na shirika la utafiti CIMMYT programu ya mahindi yanayovumilia ukame, kwa Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini. Ndiyo maana mambo ya wakubwa wa Bayer si mambo ya mbali: mwenye Monsanto akibadilika Ujerumani, jina la mshiriki linabadilika Nairobi.

Miaka fulani AATF iliongozwa na Mkongomani, Mpoko Bokanga, mtaalamu aliyechunguza sana sumu ya mihogo michungu. Baadaye iliongozwa na Denis Kyetere wa Uganda, na tangu mwaka 2021 na Canisius Kanangire wa Rwanda. Mkurugenzi anaenda, mwingine anakuja, na mikataba inabaki ofisini. Kwetu, mara nyingi prezida akiondoka, anaondoka na muhuri, na daftari, na ufunguo wa depo, na namba ya simu inayopokea feza. Kooperative inalazimika kuanza upya kama mtoto.

Lakini tusisahau tofauti moja. Mkulima wa Mutambala hachagui baraza la AATF, na hachagui la Bayer. Kule, wewe ni mutu wa kupokea ao wa kununua. Ndani ya kooperative, wewe ndiye mwenye nyumba.

Sheria inatupatia nini

Zamani kooperative za Kongo zilifuata dekreti ya tarehe 24 mwezi wa 3 mwaka 1956, iliyoandikwa wakati wa Wabeleji. Leo sheria ni ile ya OHADA juu ya vyama vya kooperative, iliyokubaliwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwezi wa 9 mwaka 2012.

Sheria ile inatambua namna mbili za kooperative. Ya kwanza ni ile nyepesi, SCOOPS, inayoanza na watu 5. Inaongozwa na komite ya usimamizi ya watu wasiozidi 3. Memba wakifika 100, komite inaweza kuwa na watu 3 mpaka 5. Ya pili ni SCOOP-CA, inayoanza na watu 15, na iko na baraza la uongozi la watu 3 mpaka 12.

Wengi wanaishia hapo. Kumbe sheria inaomba kundi lingine tena: komisyo ya uangalizi kwa SCOOPS, ao baraza la uangalizi kwa SCOOP-CA. Yote mawili yako na watu 3 mpaka 5, wanaochaguliwa na mkutano mkuu. Mtu wa komite hawezi kuwa ndani. Waangalizi wanaweza kuchunguza kazi ya viongozi wakati wowote, bila kungojea mwisho wa mwaka. Ni kusema mwangalizi akifika kwenye depo siku ya kazi na kuomba kuona daftari, hamtukani prezida. Anafanya kazi aliyopewa.

Tena, kwa Bayer kura zinafuata hisa: mwenye hisa nyingi, kura nyingi. Kwa kooperative, mtu mmoja ni kura moja. Mama mwenye sehemu moja na mfanyabiashara mwenye sehemu 50 wanalingana siku ya kura. Ni nguvu ambayo wenye hisa wadogo wa Bayer hawana.

Pale tunapoanguka

Tuseme kweli. Katika kooperative nyingi, komisyo ya uangalizi iko kwenye karatasi tu. Majina yaliandikwa ile siku shirika la msaada lilipoomba orodha, na tangu siku ile hawajakutana hata mara moja. Sisi wa mashirika tuko na sehemu yetu katika jambo hili: tunaomba orodha ya komite, lakini mara haba tunaomba PV ya waangalizi.

Pahali pengine waangalizi ni shemeji wa prezida na mtoto wa dada yake. Nani atamuuliza mjomba wake mbele ya watu? Na wamama, ambao ndio wanaopanda, wanaopalilia na wanaoloweka mihogo, wanapewa kiti cha kupokea wageni. Mama anayejua magunia mangapi yalitoka shambani ndiye anayefaa kuwa mwangalizi wa depo.

Kwa miti ya mihogo, hasara yake haikawii. Tuseme prezida peke yake anakubali miti ya kupanda ya mchuuzi asiyejulikana, memba 60 wanaipanda, na kumbe iko na mozaiki. Ugonjwa hautauliza nani alitia sahihi. Utaingia kwa wote 60, na kwa jirani pia, na mwaka ule sombe na bugali vitapungua nyumbani mwa watu ambao hawakuulizwa.

Mbele ya kutia sahihi

Haya ni mambo manne ambayo mkutano mkuu unaweza kuamua mbele ya musimu kuanza.

Moja: wekeni mupaka. Andikeni kwenye statuti kwamba deni ao mkataba wowote unaopita kiasi fulani sherti upite kwanza mbele ya mkutano mkuu. Kiasi ni nyinyi mutakipanga. Kisha mupeleke kopi kwa wachuuzi na kwa benki, kwa sababu mtu wa inje mwenye nia njema anaweza kusema hakujua mupaka ule, na kooperative italipa.

Mbili: ufunguo mmoja kwa prezida, wa pili kwa mtunza feza, na daftari ya depo iwe wazi kwa waangalizi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu: waangalizi wakutane kila baada ya miezi mitatu, waandike PV, na waisome mbele ya memba, kwa Kiswahili ao Kibembe, si kwa Kifaransa tu. Kama kila kitu kiko sawa, waseme vile. Prezida mzuri atafurahi, maana PV ile ndiyo itamlinda siku masengenyo yatakapoanza.

Ine: mgeni wa mbegu akija, mumuulize. Kampuni yako ni ya nani? Nani anatia sahihi kwa jina lake? Mbegu isipoota, tutamshitaki nani, na wapi? Karatasi ya SENASEM inayohakikisha mbegu iko wapi? Kwa miti ya mihogo, imetoka kwa shamba la nani? Mwenye majibu hatakasirika. Mwenye kusema "mutie sahihi leo, kesho bei inapanda", mumwambie kwamba nyumba hii iko na wenyewe 60, na watakutana siku ya posho. Kama mbegu yake ni nzuri, atangojea.

Kooperative inayotaka kuandika upya statuti yake, ao kufundisha waangalizi wake kusoma daftari ya depo, iongee na ankadreri wetu wa sekta mbele ya mwisho wa mwezi wa nane. Mje na statuti ya zamani, hata kama imechakaa, na mje na waangalizi wenyewe, si prezida peke yake.