Hati mtandaoni: neno la siri pekee halitoshi

Mfanyabiashara wa mahindi au maharage wa Majengo, mjini Sumbawanga, halazimiki tena kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kufuata cheti cha kampuni. Tangu 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) umekuwa ukisajili kampuni kwa mtandao, na tangu 2023 zabuni za serikali zimehamia kwenye mfumo wa NeST. Nauli imeokolewa. Linalobaki ni kujua nani mwingine anaweza kuipakua hati ikishawekwa mtandaoni.

Mfano wa hasara uko Marekani. Mei 2019 ilibainika kuwa tovuti ya First American, kampuni inayokatia bima hati za umiliki wa nyumba, iliacha wazi faili zipatazo milioni 885, nyingine za tangu 2003. Mwenye kiungo cha hati moja alibadili tarakimu tu katika anwani, akafungua ya mtu mwingine pamoja na namba za akaunti za benki. Mwaka 2021 wasimamizi wa masoko ya mitaji waliitoza faini ya karibu dola 488,000, fedha ndogo kwa kampuni ya ukubwa ule.

Kosa hilo ni la kawaida. Mlinzi yuko getini, lakini dirisha la nyuma la ghala liko wazi. Faili ikikaa kwenye folda ya tovuti iliyo wazi kwa umma, yeyote mwenye anwani yake huichukua bila kuulizwa neno la siri. Dawa ni kuihifadhi nje ya folda hiyo na kuiacha programu yenyewe iitoe, baada ya kuhakikisha kila mara kwamba anayeomba ameingia kwa jina lake na hati ni yake. Kiungo kife baada ya dakika chache, na kila upakuaji uandikwe.

Kwa mwenye ghala anayetengenezewa mfumo wa ankara, jaribio ni rahisi: atoke kwenye akaunti, kisha abandike kiungo cha ankara yake. Ikifunguka, fundi asilipwe bado. Aingie tena kama mteja mwingine, arudie. Bei ya zabuni ikionekana na mshindani, zabuni imekwenda.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za wateja kuzilinda. Haimsaidii, hata hivyo, anayeacha cheti chake kwenye kompyuta ya duka la stesheneri.