Konyeza wa Bahari Ndogo

Ninyi mkaao pwani mwamjua konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu: mnyama wa baharini asiye na mfupa wala damu, laini kama uji ulioganda, na baadhi yao huwasha mwili wa mwogaji. Mwajua pia ya kuwa ana majira yake: leo wamejaa tele, na baada ya miezi michache huoni hata mmoja. Je, hutoka wapi, nao huenda wapi?

Kusini-mashariki ya Hispania kuna ziwa la maji ya chumvi liitwalo Mar Menor, maana yake Bahari Ndogo. Eneo lake ni kilometa za mraba 135 hivi, na kina chake hakizidi sana mita 7. Ukanda mwembamba wa mchanga, wenye urefu wa kilometa 20 na zaidi, walitenga na bahari kuu, na maji hupita katika mifereji michache tu.

Konyeza mmoja wa huko afanana na yai lililokaangwa, kiini chake katikati. Wakubwa huzaa majira ya joto, kisha hufa. Watoto wao huzama na kujishikiza kwenye magamba na mawe, wakawa kama vishina vidogo sana. Hukaa hivyo wakati wote wa baridi. Maji yaanzapo kupata joto tena, kichwa cha kishina hukatika, kikaogelea na kukua kuwa konyeza. Basi hesabu ya konyeza huanza wakati wa baridi, wala hakuna aionaye: baridi ikiwa kali, vishina vingi hufa, ikiwa hafifu, vingi husalimika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walipanua mfereji mmoja ili vyombo vipite. Maji ya bahari kuu yakaingia kwa wingi, ukali wa chumvi ukapungua, na konyeza wa aina mbili wakapata makao mapya. Tena, tangu 1979 maji ya mto Tajo yaliletwa kumwagilia mashamba ya nchi ile. Mashamba yakaongezeka, na mbolea ikachukuliwa na maji hata ziwani. Mbolea ikalisha vijimea visivyoonekana kwa macho, na chakula cha konyeza kikazidi. Miaka ya 1990 wakajaa kwa mamilioni. Waogaji wakanung'unika, na wavuvi wakalipwa wawatoe kwa nyavu.

Walakini wataalamu waliolichunguza ziwa walitambua ya kuwa konyeza, kwa kula kwao, walisaidia maji yabaki maangavu. Aliyechukiwa alikuwa mfagiaji wa nyumba! Mwishowe uchafu ulimshinda. Mwaka 2016 maji yaligeuka rangi ya kijani, mwanga haukufika chini, na majani mengi ya sakafuni yakafa. Oktoba 2019 samaki na kamba kwa maelfu walikimbilia ufukoni kwa kukosa hewa, wakafa pale.

Mwaka 2022, baada ya watu zaidi ya 600,000 kutia sahihi zao, Hispania ilitoa sheria ya kulipatia ziwa lile haki kama mtu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, waalimu na wazazi, watoto waulizapo juu ya konyeza wengi, msiwaambie tu jinsi ya kuwaepuka. Waulizeni nao, ni nani aliyewalisha?