Molekuli Ndogo za Mafuta Zinavyolegeza Mishipa ya Damu Kwenye Mapafu

Mtu anapopimwa shinikizo la damu mkononi na kuambiwa kuwa liko sawa, huondoka akiamini kuwa mishipa yake yote iko salama. Hata hivyo, kipimo hicho hueleza hali ya upande mmoja tu wa mzunguko wa damu. Upande wa pili, unaopeleka damu kutoka upande wa kulia wa moyo hadi kwenye mapafu, una shinikizo lake. Shinikizo hilo likipanda, mgonjwa anaweza kuishi nalo muda mrefu bila kutambuliwa.

Kwa kawaida, shinikizo la wastani katika ateri ya mapafu ni takriban milimita 14 za zebaki mtu akiwa amepumzika. Likizidi milimita 20, huhesabiwa kuwa shinikizo la juu la damu kwenye mapafu. Ongezeko hilo si dogo kwa upande wa kulia wa moyo, ambao kuta zake ni nyembamba na haukuumbwa kusukuma damu kwa nguvu kubwa.

Miongoni mwa vinavyolinda mishipa hiyo isibane ni molekuli iitwayo prostasiklini, ambayo chimbuko lake ni mafuta. Katika utando wa kila seli huhifadhiwa asidi ya arakidoni, asidi ya mafuta yenye atomu 20 za kaboni. Mkondo wa damu unapozisisimua seli zilizotanda ndani ya mshipa, kimeng'enya huiachilia asidi hiyo kutoka kwenye utando, na vimeng'enya vingine huigeuza kuwa prostasiklini.

Prostasiklini hutoka ndani ya seli hizo na kunasa kwenye vipokezi vya misuli laini inayouzunguka mshipa. Ujumbe huo hupunguza kalsiamu iliyo huru ndani ya misuli, nayo hulegea, mshipa hutanuka na damu hupita kwa urahisi. Vilevile, prostasiklini huzuia chembe sahani za damu zisishikamane na kuganda. Kwa kuwa huvunjika ndani ya dakika chache, kazi yake hufanyika karibu na mahali ilipotengenezwa.

Asidi hiyohiyo ya arakidoni, ikiwa ndani ya chembe sahani, huzaa tromboksani, ambayo hubana mishipa na kugandisha damu. Mwili wenye afya huziweka molekuli hizi mbili katika mizani. Kwa wagonjwa ambao ateri zao za mapafu zimeharibika, prostasiklini hupungua na tromboksani huongezeka, hivyo mishipa hubana na kuta zake huwa nene.

Prostasiklini iligunduliwa mwaka 1976 nchini Uingereza na watafiti wakiwemo John Vane na Salvador Moncada. Mwaka 1982, Vane alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden, kutokana na utafiti wao kuhusu jamii hiyo ya molekuli. Mwaka 1995, Marekani iliidhinisha epoprostenoli, yaani prostasiklini iliyotengenezwa maabara. Kwa kuwa huvunjika haraka, dawa hiyo huingizwa kwenye mshipa mfululizo, usiku na mchana, kwa pampu ndogo. Baadaye zilipatikana dawa za kuvuta kwa pumzi, kama iloprosti, na vidonge vya seleksipagi.

Hata hivyo, dawa hizo hazimfai kila mgonjwa. Katika Afrika Mashariki, tatizo hili linaweza kusababishwa na kuharibika kwa vali za moyo, kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, kichocho, seli mundu, VVU au magonjwa sugu ya mapafu. Vali ikiwa ndicho chanzo, vali ndiyo inayopaswa kutibiwa. Upasuaji wa aina hiyo hufanyika nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam. Aidha, kumtibu mapema mtoto mwenye maambukizi ya koo yatokanayo na bakteria husaidia kuzuia homa inayoharibu vali hizo.

Elimu hii inawahusu pia wajawazito. Mtoto akiwa tumboni, sehemu kubwa ya damu yake hupita kwenye mshipa wa muda unaokwepa mapafu, nao hubaki wazi kwa msaada wa prostaglandini, molekuli za ukoo mmoja na prostasiklini. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Zikitumika katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mshipa huo unaweza kufunga kabla ya wakati, na mtoto akazaliwa na shinikizo la juu kwenye mapafu. Kwa sababu hiyo, mjamzito hapaswi kununua dawa hizo dukani bila ushauri wa daktari.

Dalili za kuzingatia ni kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, uchovu usio wa kawaida, kuzirai, maumivu ya kifua na kuvimba miguu. Mwenye dalili hizo anashauriwa kufika kituo cha afya hata kama kipimo cha mkononi kimeonesha hali nzuri, ili apewe rufaa ya kipimo cha moyo cha ECHO, ambacho huweza kuonesha mapema kama upande wa kulia wa moyo umeelemewa.