Kurasa za vijiti: Januari ya Darasa la Kwanza

Fungua daftari la mtoto wa Darasa la Kwanza mwishoni mwa Januari, utakuta kurasa za vijiti. Vijiti vilivyosimama, vilivyolala, vilivyoinama kama mabua baada ya upepo, halafu viduara, vingine vimefumba, vingine vimeachama. Neno hakuna.

Jirani yangu alinijia barazani na daftari la namna hiyo, uso ameukunja. "Mwalimu," akaniambia, kwa kuwa mtaani bado wananiita hivyo ingawa chaki niliiacha zamani, "sare nimenunua, viatu nimenunua, madaftari nimenunua. Mwezi mzima ni vijiti tu?"

Nilimkaribisha akae. Nikachukua penseli, nikaandika herufi a polepole: kiduara, kisha kijiti ubavuni. Nikaandika b: kijiti kirefu, kisha kiduara mbele yake. Nikahamishia kiduara nyuma ya kijiti, ikawa d. Kila herufi ambayo mwanawe ataiandika maishani imefichwa katika kurasa zile. Mkono wa mtoto wa miaka sita au saba umezoea kurusha mpira na kuchimba mchanga. Kushika penseli kwa vidole vitatu, kuanzia juu kushuka chini, kutoka kushoto kwenda kulia, kusimama mstari unapokwisha, yote hayo mkono lazima ufundishwe kwanza. Mwalimu anayejua kazi yake huwatoa watoto nje wakachora kwa kidole mchangani, au huwaambia waandike hewani mikono yote ikiwa juu, ndipo karatasi ifuate. Na mtoto wa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Nimewaona waliochapwa vidole ili wahamie kulia; walichojifunza mwezi huo ni kuiogopa penseli.

Huku mkono ukifunzwa, sikio nalo lina somo lake, na hapa ndipo uzuri wa Kiswahili unapoonekana. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliziweka KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mbele ya mambo mengine yote, na ukasisitiza mtoto ajue sauti ya herufi. Irabu ni tano, na hazibadiliki popote zinapokaa. Mwalimu akishazimaliza, anafumba midomo na kuivuta m: "mmm". Watoto wanafumba na kuvuta. Ikikutana na a, midomo inafunguka yenyewe: ma. Kwa herufi hizo sita tu, mtoto tayari anaweza kusoma mama, mimi, maua, hata umeme. Mwongezee b: amepata baba, babu, bibi, na ule ubao anaoutazama kila siku. Kwa herufi saba anasoma sentensi kamili: Babu ameumia. Nimewahi kumwona mtoto akiisoma sentensi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, kisha akageuka kuniuliza babu ameumia wapi. Hapo nilijua amesoma, hakukariri.

Nyumbani sisi wazazi, kwa nia njema kabisa, huiharibu kazi hiyo. Tunamwimbisha mtoto majina ya herufi, tena ya Kiingereza: "bii", "em". Anafika darasani, anaiona m na a, anaunganisha: "ema". Mama hapatikani humo. Ukitaka kumsaidia mwanao, mtajie sauti, usimtajie jina.

Kwenye kuhesabu, wengi huja wakijua wimbo. Moja hadi kumi inatiririka bila kikwazo. Mwambie akuletee vizibo vitano vya soda kutoka kwenye kopo, atakuletea konzi. Anaimba namba, idadi bado haijui. Kazi ya mwezi wa kwanza ni kidole na kizibo: gusa kimoja, sema moja, gusa kingine, sema mbili, usikiguse kimoja mara mbili. Vipange kwa mstari, hesabu. Vitawanye, hesabu tena, uone kwamba bado ni vitano. Sifuri ndiyo namba ngumu kuliko zote. Kopo likiwa tupu, mtoto huambiwa aandike alama ya kitu kisichokuwepo.

Yapo pia yasiyoandikwa ubaoni. Kusimama mwalimu anapoingia na kusema "Shikamoo mwalimu" kwa sauti moja. Kupanga foleni. Kunyoosha mkono na kusubiri. Kusema "naomba ruhusa" kabla mambo hayajaharibika. Kwa mtoto aliyetoka nyumbani akijua Kisukuma, Kigogo au Kimaasai peke yake, maneno hayo ni somo la lugha juu ya masomo mengine yote, na mwalimu asiyeliona hilo atamwita mzito mtoto ambaye hajamwelewa tu.

Sasa tupige hesabu. Kipindi cha madarasa haya ya chini ni dakika 30. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Akigusa kila daftari, kila mtoto anapata sekunde 40. Tangu elimumsingi ilipotolewa bila ada mwaka 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jambo jema lisilo na mjadala. Lakini yapo madarasa ya kwanza yenye watoto 90 na zaidi. Hapo ni sekunde 20: muda wa kuona b imeandikwa kinyume, si muda wa kuushika mkono ulioiandika.

Na nani husimama mbele ya watoto hao? Katika shule nyingi nilizopita, mwalimu hodari hupelekwa madarasa ya mtihani, kwa sababu matokeo ya huko hutangazwa na shule hupimwa kwayo. Darasa la Kwanza hupewa aliyebaki: mgeni aliyeripoti juzi, au anayesubiri kustaafu. Kisha miaka inapita, na mwalimu hodari anamkuta kwenye darasa la mtihani mtoto asiyeweza kusoma swali analotakiwa kulijibu. Hakuna vipindi vya ziada vya jioni vinavyoweza kuirudisha Januari ile ikiwa kamili.

Walimu wakuu, Desemba mtakapokaa kugawa madarasa, anzeni kuandika majina kutokea chini. Mwalimu wenu bora kuliko wote, yule mwenye subira na sikio, mpeni Darasa la Kwanza, na mumpe vizibo vya kutosha.