Je, Wajua? Kisanduku cha Kutafuta Kwenye Tovuti ya Mteja Wako

Mnunuzi anaandika jina la bidhaa iliyojaa ghalani, tovuti inamjibu "Hakuna kilichopatikana," naye anakwenda kununua kwingine. Mara nyingi bidhaa ipo, ila kisanduku cha kutafuta kimeachwa vilevile kilivyokuja na mfumo. Wewe unayetengeneza tovuti za wateja, yajue haya kabla hujakabidhi kazi.

Je, wajua kwamba WordPress, mfumo unaoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, ulikuwa ukipanga matokeo ya utafutaji kwa tarehe tu hadi toleo la 3.7 la Oktoba 2013? Sasa ukurasa wenye neno lililotafutwa kwenye kichwa chake hutangulia. Kichwa kama "Bidhaa Mpya" hakimfai mtafutaji. "Majiko ya Gesi na Mitungi" kinamfaa.

Je, wajua kwamba utafutaji huohuo wa WordPress, usipoongezewa kitu, hausomi sehemu za ziada kama namba ya bidhaa, wala majina ya makundi, wala yaliyomo ndani ya faili za PDF? Zabuni iliyopigwa chapa, ikagongwa muhuri na kuskaniwa ni picha tu machoni pa mashine. Weka muhtasari wake wa maandishi kwenye ukurasa wenyewe.

Je, wajua kwamba WordPress hutafuta mfuatano wa herufi, si neno zima? Mwenye kutafuta "kaa" kwenye tovuti ya muuza samaki ataletewa pia "mkaa", "kaanga" na "kukaa". Lakini mwenye kutafuta "vitabu" hatauona ukurasa ulioandikwa "kitabu" peke yake. Katika maelezo ya kila bidhaa, tumia umoja na wingi.

Je, wajua kwamba mwaka 1980 Mwingereza Martin Porter alichapisha kanuni ya kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili maumbo ya neno moja yahesabiwe pamoja? Kanuni hiyo imeenea kwenye mitambo ya kutafuta. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni mwa neno: mtungi na mitungi, kiatu na viatu, ua na maua. Mkasi unaokata nyuma hauwezi kuyakutanisha maneno hayo.

Je, wajua kwamba Elasticsearch, mtambo maarufu wa kutafuta, huja na vichanganuzi vya lugha zaidi ya 30, vikiwemo vya Kibaski, Kigalisia na Kiayalandi, lakini Kiswahili hakimo? Ukiiacha tovuti ya Kiswahili kwenye mpangilio wa Kiingereza, umeikabidhi kwa kanuni zisizoihusu. Chagua mpangilio usioegemea lugha yoyote, kisha ongeza orodha yako mwenyewe ya umoja na wingi.

Je, wajua kwamba faharasa ya maandishi ya MySQL huruka maneno mafupi? Katika hifadhi ya MyISAM kiwango cha kawaida ni herufi 4, na katika InnoDB ni herufi 3. Mgahawa unaotumia MyISAM utauza uji kila asubuhi, na neno "uji" lisionekane kwenye utafutaji. Kiwango hicho hubadilishwa kwenye mipangilio ya seva, kisha faharasa hujengwa upya.

Je, wajua kwamba "5x6", "5 x 6" na "5 kwa 6" ni vitu vitatu tofauti kwa mashine? Mteja wa magodoro huandika "godoro 5x6" bila kuacha nafasi. Muuzaji aliyeandika "sentimita 150 kwa 180" hatapatikana kamwe. Andika vipimo kama vinavyotamkwa dukani, kisha uongeze vile vya kiwandani.

Je, wajua kwamba mwaka 1964 Fred Damerau alionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne tu: herufi moja kuzidi, kupungua, kukosewa, au herufi mbili jirani kubadilishana nafasi? Mwaka uliofuata Vladimir Levenshtein wa Urusi aliweka kipimo cha umbali kati ya maneno kinachotumika hadi leo. Washa uvumilivu wa kosa moja, na "firji" itampeleka mnunuzi kwenye friji.

Je, wajua kwamba uvumilivu wa makosa hauwezi kuunganisha "friji" na "jokofu", wala "runinga" na "TV"? Hapo panahitajika orodha ya visawe. Usiitunge peke yako ofisini. Muulize anayepokea simu za wateja, maana yeye ndiye anayesikia maneno yao kutwa nzima.

Je, wajua kwamba wazo la kuyapa uzito mkubwa maneno adimu lilitolewa mwaka 1972 na mwanamke, Karen Spärck Jones wa Cambridge? Katika duka la viatu, neno "viatu" limo kila ukurasa, hivyo halitofautishi chochote. "Kobazi" hutofautisha. Wazo hilo limo hadi leo ndani ya Lucene, maktaba iliyoandikwa na Doug Cutting mwaka 1999, ambayo Elasticsearch imejengwa juu yake.

Je, wajua kwamba Google ilikuwa na huduma ya kulipia ya kutafuta ndani ya tovuti, Google Site Search, ikaifunga mwaka 2018? Tovuti zilizoitegemea zililazimika kutafuta njia nyingine. Unapochagua huduma ya nje, hakikisha mteja anaweza kuhama bila kujenga upya kila kitu.

Je, wajua kwamba mtaalamu Jakob Nielsen alipendekeza kisanduku kiwe na upana wa herufi zisizopungua 27? Mtu hufupisha swali lake kulingana na nafasi aliyopewa. Na tangu mwaka 2023, HTML ina alama maalumu iitwayo search, inayowasaidia wasioona wanaotumia visoma-skrini kulifikia eneo la kutafutia upesi.

Je, wajua kwamba kisanduku cha kutafuta ni moja ya milango inayojaribiwa kwanza na wavamizi? Kilichoandikwa na mgeni kikirudishwa kwenye ukurasa bila kusafishwa, mtu anaweza kupenyeza msimbo wake humo. Safisha kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Je, wajua kwamba Google Analytics 4 inaweza kurekodi yenyewe maneno yanayotafutwa, mradi anwani ya ukurasa wa matokeo itumie moja ya vigezo inavyovitambua, kama "q" au "s"? WordPress tayari hutumia "s". Maana yake, huenda ripoti ya maneno ambayo wanunuzi wa mteja wako wameyaandika kwa mikono yao ipo tayari, na hakuna aliyewahi kuifungua.

Ifungue wiki hii. Chukua maneno kumi yanayotafutwa zaidi, yaandike wewe mwenyewe kwenye kisanduku kwa kutumia simu, moja baada ya jingine, na utazame kinachokuja. Palipo na jibu la "Hakuna kilichopatikana" ilhali bidhaa ipo, rekebisha hapo kwanza. Mnunuzi ameshasema anachokitaka, tena kwa lugha yake. Anastahili kukipata.