Nyuki au nyigu? Umuhimu wa kuwajua viumbe kwa majina yao

KATIKA Qur'ani Tukufu, sura ya 16 imepewa jina la nyuki, An-Nahl, na sura ya 27 imepewa jina la sisimizi, An-Naml. Aidha, imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa kwa viumbe wanne, na miongoni mwao wamo sisimizi na nyuki. Wengi wetu tumelisikia hilo tangu tulipokuwa chuoni. Hata hivyo, liko swali ambalo ni nadra kuulizwa majumbani mwetu. Mdudu anapoingia dirishani akivuma, na mtoto akakimbilia ufagio, ni nani kati yetu anayeweza kusema kwa yakini kuwa huyo ni nyuki au si nyuki?

Ndugu msomaji, tunapotaja nyuki, aghalabu tunamkusudia mmoja tu, yule wa asali. Huyo alipewa jina la kitaalamu la Apis mellifera na Linnaeus, mwanazuoni wa Sweden, mwaka 1758. Lakini hadi leo wataalamu wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 20,000 za nyuki duniani, na wengi wao hawana mzinga, hawana malkia, wala hawaweki asali ya kuvunwa. Jike huishi peke yake, akachimba tundu ardhini, au akatoboa mti mkavu, au akakata vipande vya majani na kuvitandika katika kiota cha watoto wake. Katika misitu ya nchi za joto wapo wengi ambao hawajapewa jina lolote la kitaalamu.

Ama nyigu na dondora, hao ni jamaa wa karibu wa nyuki, na sisimizi pia yumo katika kundi hilo. Tofauti kubwa iko katika chakula cha watoto. Nyuki huwalisha watoto wake chavua na utamu wa maua, na nyigu walio wengi huwawindia viwavi, buibui na wadudu wengine. Kwa sababu hiyo nyuki ana vinyweleo ambavyo, vikitazamwa kwa hadubini, huonekana vimegawanyika kama unyoya wa ndege, navyo humsaidia kushika chavua. Nyigu kwa kawaida ana mwili ulio laini na kiuno chembamba. Lakini alama hizi za nje hazitoshi, kwani wapo nyuki wasio na manyoya mengi, na mtu akiwaona huapa kuwa ni nyigu. Mtaalamu hulazimika kupima mishipa ya mabawa, umbo la mataya na sehemu za miguu kabla ya kutoa kauli.

Kisa cha visiwa vya Maluku

Kwamba hata jicho lililozoea linaweza kutatizika, kisa cha visiwa vya Maluku ya Kaskazini, Indonesia, ni ushahidi wa kutosha. Visiwa hivyo vya karafuu vilikuwa na masultani Waislamu wa Ternate, Tidore na Bacan kwa karne nyingi. Mwaka 1858 Mwingereza Alfred Russel Wallace alikuwa Bacan akikusanya ndege na wadudu, akisaidiwa na kijana wa Kimalay kutoka Sarawak aliyeitwa Ali. Huko alipatikana mdudu jike mweusi, mwenye urefu unaokaribia sentimita 4, sawa na kidole gumba cha mtu mzima. Wallace alimtaja kwa maneno machache tu, akamfananisha na nyigu mwenye mataya makubwa.

Sampuli hiyo ilipelekwa London. Frederick Smith, mtaalamu wa jumba la makumbusho la huko, aliichunguza, akathibitisha kuwa ni nyuki, na mwaka 1860 akaipa jina la Megachile pluto. Huyo ndiye nyuki mkubwa kuliko wote wanaojulikana duniani. Kwa desturi ya elimu hii, sampuli anayotumia mtaalamu kutolea jina huhifadhiwa iwe shahidi, ili yeyote atakayetilia shaka baadaye airejee na kulinganisha.

Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 100, hakuna mtaalamu aliyemwona tena akiwa hai. Mwaka 1981 Mmarekani Adam Messer alimkuta Bacan na katika visiwa jirani. Akagundua kuwa nyuki huyu hujenga ndani ya viota vya mchwa vilivyoshikamana na miti, na kwamba hukusanya utomvu wa miti kwa mataya yake ili kuzibia kuta, mchwa wasimwingilie. Wenyeji walikuwa wakimwita raja ofu, yaani mfalme wa nyuki, ingawa aliye mkubwa zaidi ni jike. Kisha akatoweka machoni mwa wataalamu hadi Januari 2019, mpiga picha Clay Bolt na mtaalamu wa nyuki Eli Wyman walipomwona jike mmoja kisiwani, wakiwa pamoja na waongozaji wenyeji, na kumpiga picha akiwa hai.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, sampuli ya nyuki huyo iliuzwa kwa mnada wa intaneti kwa dola 9,100 za Marekani. Ndiyo maana wagunduzi wa mwaka 2019 walikataa kukitaja kisiwa walikomkuta. Hapa inadhihirika kuwa jina lina pande mbili. Mlanguzi hulitumia kutafuta bei, na mwenye nia njema hulitumia kutafuta ulinzi. Lakini pasipo jina, ulinzi hauna pa kuanzia, kwa kuwa asiyejulikana hawezi kuandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Msitu wake ukifyekwa, hutoweka bila ya yeyote kujua kuwa alikuwepo.

Si nyuki pekee. Katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia hiyohiyo, nyigu mmoja mwenye mataya marefu kuliko miguu yake ya mbele alipewa jina la Megalara garuda mwaka 2012 na wataalamu Lynn Kimsey na Michael Ohl. Kumbe sampuli yake iliyokusanywa mwaka 1930 ilikuwa katika makumbusho ya Berlin muda wote huo. Kwa takriban miaka 80 alikuwa sandukuni, amehifadhiwa vizuri, lakini hana jina kwa kuwa hakupata wa kumchunguza.

Tuanzie nyumbani

Tunasoma kuwa Nabii Adam (A.S.) alifundishwa majina, na hiyo ilikuwa heshima aliyopewa mwanadamu. Basi si jambo dogo mzazi kumfundisha mwanawe kutofautisha. Mtoto azuiwe asiguse kiota, lakini aachwe atazame kwa mbali: je, mdudu huyu amebeba chavua miguuni au tumboni, au amebeba kiwavi? Anaingia tundu la udongo au la mbao? Anatembelea ua gani, na saa ngapi? Ayaandike hayo daftarini pamoja na tarehe na mahali. Wataalamu nao huanza kwa maswali kama hayo.

Hatusemi kuwa kiota kilicho juu ya kitanda cha mtoto kiachwe kiumize watu. Hukumu ya kinachodhuru waulizwe wanazuoni. Tunachosema ni kwamba amri ya kutomuua nyuki haiwezi kutekelezwa ipasavyo na mtu asiyemjua nyuki. Kabla ya kuinua ufagio au kuwasha mwenge, tujiulize kwanza: huyu ni nani?

Wallahu a'lam.