Ua Linalotangulia Majani Yake

Masika yakianza Suna, huko Migori nchini Kenya, watoto hukimbilia vichuguu kuvizia kumbikumbi. Ukiandamana nao, tupia jicho ubavuni mwa kichuguu, penye kivuli cha vichaka. Huenda ukakuta bua nene limechomoza kwenye udongo mtupu, bado halijatoa majani, na juu yake limebeba mpira mwekundu unaokaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Wengi wakiliona mara ya kwanza hudhani kuna mtu amelipanda. Hakuna aliyelipanda. Ni ua la msituni, mwenyeji wa Afrika, na wataalamu hulitambua kwa jina la Scadoxus multiflorus.

Sogea karibu. Mpira huo ni maua madogo mengi yaliyokusanyika, pengine hata 200. Kila moja lina petali sita nyembamba na stameni sita ndefu zenye chavua ya manjano nchani. Kisha inama utazame chini ya bua: utaona madoa ya zambarau au kahawia. Mimi huyaamini madoa hayo kuliko rangi, kwa sababu maua hunyauka baada ya wiki moja au mbili, na majani mapana yakishatoka, asiyeujua mmea huung'oa akidhani ni gugu. Lipo ua lingine jekundu la msimu huohuo, Gloriosa superba, lakini hilo hutambaa na kujishikiza kwenye vichaka kwa ncha za majani yake.

Vipepeo wakubwa hulitembelea ua letu la mpira kufuata mbochi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu ua hili huko Afrika Kusini ulionyesha jambo la ajabu: chavua husafiri kwenye mabawa ya vipepeo. Kipepeo anaponing'inia akipigapiga mabawa, hugusa zile stameni ndefu na kuondoka na unga wa manjano. Baadaye mmea huzaa matunda mekundu, mazuri kwa macho, ila mtoto asiyaonje. Mmea una sumu iitwayo laikorini, inayotapisha, na kiazi chake hufanana na kitunguu. Mifugo nayo iwekwe mbali.

Kwa nini kichuguu? Sehemu kubwa ya miti ya Migori imeondolewa kupisha mahindi na miwa, na mingine imeishia kuwa kuni za kukaushia tumbaku. Jembe la ng'ombe hukikwepa kichuguu. Vichaka hubaki pale juu, na chini ya kivuli chake kiazi hulala salama kiangazi chote. Katika shamba lililolimwa kote, kichuguu ndicho kipande cha mwisho cha msitu, na kipepeo anajua njia ya kufika hapo.

Lakini udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali. Mwaka juzi, mwezi wa Februari, nilikuta kimoja kimechimbwa hadi chini. Aliyechimba hakuwa na namna ya kujua, maana mwezi huo hakuna ua wala jani la kumwonya. Viazi saba vilikuwa vimetupwa juani, vimeanza kusinyaa. Niliomba ruhusa, nikavichukua, nikavipanda chini ya mwembe nyumbani, shingo zikiwa usawa wa udongo. Masika yaliyofuata vinne vilitoa majani. Mwaka huu kimoja kimechanua.